Jicho Lisilobisha Hodi

Dominika ya 6 ya Mwaka A
Masomo: Yoshua bin Sira 15:15-20, 1 Wakorinto 2:6-10, Matayo 5:17-37



Injili tuliyoisikia Dominika hii ni ndefu, nayo ni sehemu ya lile fundisho kuu la Bwana wetu mlimani. Anatuambia kwamba hakuja kuitangua Sheria wala Manabii, amekuja kuikamilisha. Kisha anazishika amri moja moja, kama fundi anayekagua boriti za nyumba, akituonyesha kila amri inaanzia wapi. Amri ya kutoua inaanzia katika hasira na matusi. Amri ya kiapo inaanzia katika ndiyo na siyo tunazozitamka kila siku. Na amri ya kutozini inaanzia katika jicho. Mtu aweza kuwa hajagusa kitu, hajavuka kizingiti cha mtu, hajatamka neno lolote, na hata hivyo amekwisha kumkosea mwenzake kwa namna alivyomtazama.

Juu ya jicho hilo napenda tutafakari pamoja leo, kwa sababu katika siku zetu jicho limeota mabawa.

Wengi wenu mmekwisha kukiona chombo ninachotaka kukisema. Ni ndege ndogo isiyo na rubani, yenye mapanga yanayozunguka na kamera chini ya tumbo lake. Vijana huiita droni, na wengine huiita ndege nyuki, bila shaka kwa sababu ya mvumo wake. Zipo zilizo nyepesi hata zikatiwa katika mkoba wa mama. Mwenye nayo husimama ufukweni au barazani kwake, akaiongoza kwa vidole viwili, akaona katika kioo cha simu yake yote ambayo ndege inayaona kutoka juu. Hapa Unguja wageni huja nazo wapige picha za fukwe; wapiga picha wa harusi wanazo; na baadhi ya vijana wetu huzirusha jioni kwa kujifurahisha tu, kama sisi utotoni tulivyokuwa tukirusha tiara. Lakini tiara haikuwa na jicho.

Nitawasimulia jambo lililotokea Mbweni, upande ule wa kusini ya mji karibu na uwanja wa ndege. Nimeomba ruhusa kwa pande zote mbili, nami sitataja jina la mtu wala la mtaa. Palikuwa na harusi katika nyumba ya jirani zetu Waislamu. Kama mjuavyo desturi ya Visiwani, wanawake walikuwa na shughuli yao peke yao uani. Ua ule una ukuta, na juu ya ukuta walikuwa wameongeza maturubai pande zote. Kwa kuwa hapakuwa na mwanamume ndani, walivua mabuibui yao, wakajipamba, wakacheza ngoma, na bibi harusi akakaa katikati mikono na miguu yake ikiwa imepakwa hina. Basi ikaja droni, ikasimama juu ya minazi, ikatazama chini. Kwanza walidhani ni mvumo wa jenereta. Mtoto mmoja ndiye aliyeinua kidole.

Aliyekuwa akiirusha ni kijana wetu, Mkristo, mtoto wa jumuiya ndogo ndogo ya pale pale. Hakuwa na nia ya kumdhalilisha mtu. Alikuwa akikijaribu chombo chake kipya, akasikia ngoma, akataka kuona. Picha akawapelekea rafiki zake watatu. Siku ya pili zilikuwa Darajani sokoni, na siku ya tatu jamaa mmoja wa ile familia akazipokea katika simu yake huko Muscat. Watu wa upande wa bwana harusi wakaanza kunong'ona. Bibi harusi yule, ambaye hakutenda kosa lolote, akakaa ndani majuma kadhaa asitoke.

Mama yake hakwenda polisi kwanza. Alikuja kwa wazee wa jumuiya yetu, akasimama nje, akabisha hodi, akakaribishwa, akasema hivi: "Sikuja kumshitaki mtoto wenu. Nimekuja kuuliza ukuta wangu ulipungua wapi."

Na kijana alipoulizwa, alijibu kwa unyofu kabisa: "Lakini mimi sikuingia nyumbani kwa mtu. Anga ni ya wote."

Wapendwa, maneno hayo mawili yanastahili kupimwa kwa makini, ule swali la mama na lile jibu la kijana. Tuanze na jibu la kijana, kwa maana wengi wetu tungalijibu vivyo hivyo.

Je, anga ni ya wote? Sheria za nchi yetu hazisemi hivyo. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na kwa hiyo kanuni za ndege zisizo na rubani, zilizotolewa mwaka 2018 na kusimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, zinafika Mbweni kama zinavyofika Mbeya. Chombo hicho hakirushwi mpaka kimesajiliwa na mwenyewe amepata kibali, na karibu na kiwanja cha ndege masharti huwa makali zaidi. Mgeni anayeshuka na droni asiyokuwa na kibali chake aweza kuzuiwa nayo pale pale forodhani. Ndugu zetu wa Kenya nao, katika kanuni zao za mwaka 2020, wameandika wazi kwamba mrushaji mwenye kamera ni lazima aheshimu faragha ya watu na mali zao.

Upo pia mfano wa zamani kidogo kutoka Marekani, wa kabla ya vyombo hivi kuwako. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mfugaji mmoja wa kuku katika jimbo la North Carolina, jina lake Thomas Lee Causby, alijikuta ndege za jeshi zikipita juu ya shamba lake futi 83 tu kutoka ardhini. Usiku hapakuwa na usingizi, na kuku kwa hofu walijirusha ukutani wakafa, hata ikambidi aache ufugaji huo. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya nchi ile mwaka 1946. Majaji walikubali kwamba anga ya juu ni njia ya wote, na kwamba hakuna mtu awezaye kudai mbingu nzima iliyo juu ya kiwanja chake. Lakini walisema pia kwamba mwenye ardhi anayo haki katika ile anga ya karibu anayoihitaji ili aishi na kuitumia ardhi yake, na kwamba kupita humo chini chini ni kumwingilia. Kwa maneno mengine, nyumba ya mtu haikomi penye paa.

Hii ni sheria ya mahali. Iko nyingine iliyo nzito zaidi, yaani sheria inayomlinda mtu mwenyewe. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilikwisha kutamka, katika kifungu cha 12, kwamba mtu asiingiliwe ovyo katika faragha yake, jamaa yake, makazi yake wala barua zake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, makazi yake na mawasiliano yake. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo inaitambua haki hiyo. Na mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2023, ambayo inadai kwamba habari za mtu zikusanywe kwa njia ya halali na kwa kusudi linalojulikana. Ni kweli kwamba kwa Zanzibar sheria hii ya mwisho haigusi mambo yasiyo ya Muungano; lakini roho yake ni ile ile ya Katiba zote mbili.

Haki hiyo haiwi ngao ya uovu. Katiba yenyewe inasema kwamba ziwepo taratibu za kisheria za kuonyesha ni lini na kwa kiasi gani faragha ya mtu yaweza kuingiliwa kwa ajili ya usalama na haki za wengine. Askari mwenye hati ya upekuzi hana kosa. Lakini ona, hata yeye huja na karatasi mkononi, hugonga mlango, hujitambulisha. Sheria inamfundisha hodi.

Sasa tuje kwenye swali la mama. Ukuta wake ulipungua wapi?

Nyumba zetu za pwani zimejengwa kwa hekima ambayo pengine tumeizoea mno hata hatuioni. Nje kuna baraza. Hapo aweza kukaa yeyote, mpita njia na muuza kahawa. Ukikaribishwa wafika sebuleni. Ndani zaidi ni pa jamaa wa karibu. Na uani ni pa wenye nyumba, hasa kina mama, ambako hupikwa, hufuliwa, husukwa nywele, na katika nyumba nyingi huogwa. Kutoka hatua moja kwenda nyingine yatakiwa hodi mpya na karibu mpya. Ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, huendelei. Wageuka, warudi ulikotoka. Jirani zetu Waislamu wamefundishwa hivyo katika kitabu chao, katika Sura ya Nuru, aya ya 27: wasiingie nyumba zisizo zao mpaka wameomba ruhusa na kuwasalimu waliomo. Nasi katika Agano la Kale tunao mzee Yoshua bin Sira, yule yule wa somo la kwanza la leo, ambaye katika sura ya 21 anaeleza kwamba mpumbavu huchungulia ndani kutoka mlangoni, na mtu aliyelelewa vema hubaki nje akingoja.

Basi ukuta wa mama yule haukupungua. Waashi walioujenga hawakuwaza jicho litokalo juu, kwa sababu tangu zamani juu palikuwa pa ndege na pa Mungu. Kilichopungua ni ile adabu ambayo ndiyo iliyoufanya ukuta wa mawe na udongo, na hata pazia la kitambaa, kuwa kizuio kikubwa kuliko chuma.

Maandiko Matakatifu yanalijua jicho litokalo juu. Mfalme Daudi alikuwa akitembea jioni juu ya dari la jumba lake, kama tunavyosoma katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11. Kutoka kule juu akamwona mwanamke akioga katika nyumba yake. Mwanamke yule alikuwa kwake, hakumfanyia mtu kitimbi. Daudi naye alikuwa kwake, hakuvuka ukuta. Angaliulizwa saa ile angaliweza kujibu kama kijana wetu: mimi niko juu ya dari langu. Lakini hakuondoa macho. Akauliza habari, akatuma watu, na kabla mambo hayajaisha Uria, mtu mwaminifu asiyejua lolote, alikuwa amelala maiti mbele ya ukuta wa mji. Uzinzi na mauaji vilizaliwa katika mtazamo mmoja wa jioni. Hapo twaelewa kwa nini Bwana Yesu katika Injili ya leo analikemea jicho kwa ukali unaotutisha.

Katika Torati tunasoma sheria nyingine ndogo, ambayo naona haisomwi sana. Iko katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mtu akikukopa kitu, na wewe una haki ya kuchukua rehani, usiingie nyumbani mwake kuitwaa. Simama nje, yeye mwenyewe atakuletea. Tafakarini jambo hilo. Mdai ana haki. Mdaiwa ni maskini, pengine nyumba yake ni kibanda chenye mkeka mmoja. Na Mungu anamwambia tajiri: hata hapo, kaa nje. Usiyaone yale ambayo maskini hapendi uyaone. Fedha ni yako, mlango ni wake.

Nadhani watu wa Mbweni wanayo sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. Mwaka 1871 wamisionari Waanglikana wa UMCA walinunua ardhi huko, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, pamoja na shule ya Mtakatifu Maria kwa ajili ya wasichana. Magofu ya shule hiyo yapo hadi leo karibu na bahari, na kanisa la Mtakatifu Yohane lipo. Watu wale walitoka wapi? Wengi wao walikuwa wametolewa katika majahazi, na katika biashara ile iliyokuwa na soko lake Mkunazini mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Sokoni mtu alisimamishwa mbele ya wanunuzi, akakaguliwa meno, mikono na mwili, na hakuwa na haki ya kusema: usinitazame. Mtumwa alikuwa mtu asiye na mlango. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo alipopewa kule Mbweni kijumba chake na kipande cha shamba, alipewa pamoja nacho jambo ambalo halionekani katika hati: mgeni akija kwake, hata kama mgeni huyo ni padre au balozi, atasimama nje na kusema hodi. Ukombozi wake ulikuwa na sura ya mlango.

Wale wanaorusha droni juu ya magofu hayo wapate picha nzuri, wakumbuke jambo hilo. Chini ya kamera yao ni mahali ambapo watu waliokuwa wakitazamwa kama mali walianza kuheshimiwa kama watu.

Naam, nasikia mmoja wenu akiuliza: Padre, je, chombo hiki ni kibaya? La hasha. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wetu wa hapa hapa ndio waliozirusha, ili visiwa vipate ramani za kupangia miji, barabara na mashamba. Mwaka 2019 droni zilinyunyiza dawa juu ya mashamba ya mpunga ya Cheju kwa majaribio ya kuangamiza viluwiluwi vya mbu wa malaria. Huko Rwanda tangu mwaka 2016 zinapeleka damu katika hospitali za milimani, na mama anayetokwa damu baada ya kujifungua huokolewa. Mungu asifiwe kwa akili aliyowajalia wanadamu. Kisu ni kile kile, cha kumkatia mgonjwa chungwa na cha kumjeruhi jirani. Yoshua bin Sira anatuambia katika somo la kwanza kwamba mbele yetu umewekwa moto na maji, na kwamba tutanyosha mkono kule tunakopenda. Hakuna aliyelazimishwa kutenda uovu.

Kanisa limelifundisha jambo hili waziwazi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 26, uliitaja haki ya kulindwa maisha ya binafsi pamoja na haki ya chakula, mavazi, makao na jina jema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2492, inadai kila mtu awe na kiasi na staha kuhusu maisha ya faragha ya wengine. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2020 juu ya udugu, namba 42, alisikitika kwamba katika dunia ya leo kila kitu kinafanywa tamasha la kuchunguzwa, na staha kwa wengine inabomoka. Wenye hekima walikwisha kusema: siri ya mtungi aijuaye kata. Si kila jicho limepewa kuwa kata.

Lakini Bwana wetu hakuja kutuletea orodha ndefu zaidi ya makatazo. Sheria ya nchi yasema: usimpige picha mtu ndani ya ua wake. Ni sheria njema, tuitii. Ukamilifu wake ndio upi? Hapa tunasaidiwa na wana wa Nuhu, katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9. Baba yao alilewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu aliona, akatoka nje akasimulia. Shemu na Yafeti walitwaa vazi, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kuona. Hamu hakuivunja nyumba ya mtu, aliona, akasambaza. Mara ngapi sisi wenye simu tumekuwa Hamu? Na ni mara ngapi tumetembea kinyumenyume?

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

La kwanza nawaomba ninyi vijana mnaopenda vyombo hivi. Mchezo wenu si dhambi. Pateni kibali, fuateni kanuni. Kisha tafuteni mahali pa wazi, shambani au juu ya maji, mbali na nyuma za nyumba za watu. Ukitaka kurusha karibu na makazi, nenda kwanza kwa miguu yako nyumba kwa nyumba, ubishe hodi, useme nitarusha saa fulani, nitaelekea upande fulani. Anayekukatalia, kubali, Bwana ametuambia leo kwamba siyo iwe siyo. Na ikiwa kwa bahati mbaya kamera imenasa lile lisilokuhusu, lifute hapo hapo, wala usimwonyeshe hata rafiki mmoja. Ninyi mnaopiga picha za harusi kwa malipo, ulizeni mapema ua upi umefungwa na nani amekubali kuonekana. Fedha ya mteja mmoja haiwapi ruhusa juu ya majirani kumi.

La pili ni letu sote. Kijana yule alipeleka picha kwa watu watatu tu. Waliozifikisha Muscat ni watu wazima, wake kwa waume, baadhi yao wacha Mungu, ambao kila mmoja alijisemea: mimi sikupiga, mimi nimepokea tu. Kwa Waswahili mpokeaji wa mali ya wizi hana tofauti kubwa na mwizi. Picha ya aibu ya mtu ikikufikia, safari yake na iishie mkononi mwako. Huo ndio mwendo wa kinyumenyume wa Shemu na Yafeti katika siku zetu.

La tatu ni kwa wale waliotendwa. Mnayo haki, msione haya kuidai. Nendeni kwa sheha wenu, nendeni polisi, elezeni siku, saa na mahali. Lakini msiitupie droni mawe, wala msiipige kwa bunduki. Kitu kinachoanguka kutoka juu hakichagui kichwa, na watoto huwa chini. Na moyoni acheni nafasi ya yule aliyewakosea kuja mlangoni penu.

Kwa maana katika Injili hii hii Bwana anasema kwamba ukileta sadaka yako altareni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale, uende ukapatane naye kwanza. Kijana wetu alifanya hivyo. Alikwenda na baba yake nyumbani kwa jirani. Wakasimama nje, wakabisha hodi. Wakawekwa barazani pamoja na mjomba wa bibi harusi, na mama akasikiliza nyuma ya pazia. Kijana akaomba radhi, akafuta picha mbele yao, akataja majina ya wale watatu, akawaendea mmoja mmoja, na hao nao wakawaendea wengine kadiri walivyoweza. Yule wa Muscat alifuta. Hakuna ajuaye wamebaki wangapi.

Mama akasema amesamehe, na kwa kweli amesamehe. Watu wa nyumba hizi mbili wanasalimiana. Lakini aliongeza neno moja ambalo nawaachia nanyi: "Mwanangu hadi leo akisikia kitu kinavuma juu, hukimbilia ndani." Msamaha umeondoa deni, nalo ni jambo kubwa. Hofu ya yule binti itahitaji muda na sala zetu. Ndiyo sababu sheria na adabu hutangulia.

Wapendwa wasikilizaji, somo la kwanza linatukumbusha kwamba macho ya Mungu yanaona kila tendo la mwanadamu. Jicho lake halizuiwi na ukuta wala turubai wala giza. Yeye ndiye anayetuona kutoka juu kwa haki. Naye aliyatumiaje macho yake? Adamu na Eva walipojificha bustanini kwa aibu, aliwatafuta kwa kuwaita, na kabla ya kuwatoa aliwafanyia mavazi, akawavika. Yesu anapotufundisha kusali anatuambia tuingie chumbani, tufunge mlango. Baba aonaye sirini hatamwambia mtu tuliyomwambia. Na katika Kitabu cha Ufunuo, sura ya 3, Mwana wa Mungu, ambaye vitu vyote ni vyake, amesimama mlangoni pa mwanadamu akibisha, naye anangoja sauti ya aliye ndani ndipo aingie na kula pamoja naye.

Ikiwa yeye aonaye yote anabisha hodi, sisi ni nani hata tuingie bila hodi? Siku si nyingi tutaingia katika Kwaresima. Pamoja na kufunga chakula, tujifunze kufunga macho: tuyaache yasiyo yetu, tuyafunike yaliyo ya aibu kwa wenzetu, na pale tunapotaka kuona, tuombe kwanza ruhusa.

Mungu Mwenyezi, uliyeumba jicho, uyatakase macho yetu. Uzilinde nyumba za Mbweni na za visiwa hivi vyote, za Wakristo na za Waislamu. Uwafariji waliotazamwa bila ridhaa yao, na utujalie sisi sote moyo wa kusimama nje na kungoja kukaribishwa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!